Bati Moja Kila Mwezi

Siku ya mshahara tulipanga mstari mbele ya dirisha dogo la depo ya reli, na kila mmoja alitia sahihi yake ndipo apewe pesa. Mstari ulikwenda vizuri mpaka kwangu. Nilikuwa na shule ya msingi tu, na jina la babu ambalo serikali ilitutaka tuandike lote lilikuwa refu. Niliandika herufi moja, nikaitazama, nikaandika nyingine. Nyuma yangu walianza.

"Mudogo, unaandikia nani barua?"

"Mumuache. Sasa njo anafika kwenye salamu."

"Akimaliza, sisi wote tutakuwa tumeshapata pansioni!"

Niliendelea na herufi zangu. Nilikuwa mtu wa kuitikia kwa kichwa. Nikichukua pesa, niliondoka pembeni mwa ukuta ili nisikutane na macho ya mtu.

Kazi yangu ilikuwa kupaka mafuta magurudumu ya mabehewa. Ilikuwa kazi ya baba, na alipokufa waliniita mimi nishike kopo lake. Kwenye kila ncha ya ekseli pana kisanduku cha chuma chenye kifuniko. Unafungua, unagusa pamba iliyo ndani kama bado imelowa, unaongeza mafuta, unafunga. Treni ikiingia kutoka Kibombo unakimbia kando yake na kugusa visanduku hivyo kimoja kimoja kwa nyuma ya mkono, kujua kipi kimepata moto. Kwa nyuma ya mkono, kwa sababu kiganja kina sugu na hakisikii upesi. Aliyenifundisha hayo ni mzee mmoja wa Kasai ambaye alifanya kazi na baba miaka mingi, na sasa alifanya na mimi. Nilimwita Mzee tu. Yeye aliniita mwana.

Magurudumu yote niliyoyapaka mafuta yaliondoka. Mimi sikuwahi kupita kituo cha pili. Jambo hilo lilinikaa miguuni. Hata nikiwa nimekaa kula, mguu mmoja ulikuwa unatikisika, na mdogo wangu wa kike alikuwa akiweka sahani yake mbali na magoti yangu.

Mshahara wa kwanza nilimpa mama wote, kama inavyopaswa. Aliupokea kwa mikono miwili, akanitemea mate kidogo kichwani ya baraka, akamnunulia mjomba shati, na yeye mwenyewe akajinunulia kitenge. Kuanzia mwezi wa pili aliugawa mbele yetu juu ya mkeka: wa mchele, wa mafuta ya mawese, wa samaki, wa sabuni na petroli ya taa, wa ada ya shule ya mdogo wangu. Kilichobaki alikisukuma kwangu kwa kidole.

"Hii njo yako. Usiniulize."

Hapo ndipo shida yangu ilipoanza. Pesa ya mchele inajijua ni ya mchele. Ile iliyobaki haikuwa na kazi, na ilinitazama. Niliitia mfukoni, nikaitoa, nikaificha ndani ya kopo, nikaitoa tena. Kuiweka haikufaa, maana siku zile zaire, pesa yetu, ilikuwa ikipungua nguvu kila mwezi. Noti uliyoilaza leo yenye kununua vipande vinne vya sabuni iliamka mwezi ujao inanunua vitatu. Ilitakiwa igeuzwe kuwa kitu, na igeuzwe upesi.

Nilikuwa najua kitu gani. Katika duka moja karibu na soko kulikuwa na baiskeli, sisi tunaita kinga, imening'inizwa darini kwa kamba mbili, karatasi ya kiwandani bado imezungushwa kwenye fremu. Jumamosi moja, baada ya salongo, ile kazi ya lazima ya kusafisha mtaa, nilikwenda kuuliza bei yake. Sikuwa na pesa ya kuinunua, lakini nilitaka kujua ni miezi mingapi.

Ndani walikuwamo wanawake wawili wananunua chumvi. Nikangoja. Wakaingia wengine. Nikarudi nyuma mpaka nikaegemea kitu baridi, nikaendelea kungoja, nikilipanga swali langu kichwani. Mwenye duka, mtu mnene mwenye kofia ya vito, anayecheka kabla ya kusema, akanikazia macho.

"Wewe si mutoto wa marehemu wa depo? Baba yako alikuwa rafiki yangu! Unataka bati?"

Nilikuwa nimeegemea mabati. Watu wote waligeuka. Nikaitikia kwa kichwa.

"Moja?"

Nikaitikia.

Alinipa pamoja na misumari mitatu ya matabishi, ile nyongeza ya bure ambayo muuzaji humpa mteja ili arudi. Nililichukua bati kichwani, upepo ukiligeuza huku na huku, nikawaza njia nzima kwamba kesho nitalirudisha. Lakini mama alikuwa uani anakaanga mikate ya mchele ya kuuza. Aliponiona aliacha kijiko ndani ya mafuta. Akalipitishia mkono bati lile, wimbi kwa wimbi, kama anayepapasa mgongo wa mtoto. Halafu akatoka barabarani.

"Majirani! Mwanangu anaezeka nyumba!"

Kwa hiyo sikulirudisha.

Nyumba yetu ilikuwa ya matofali ya udongo, na juu yake majani ya mangongo ambayo baba ndiye aliyeyapanga mara ya mwisho. Majani hayo yanataka kubadilishwa kila baada ya misimu miwili, na yalikuwa yamepita misimu minne. Mama alijua matone yote kwa sauti. Mvua ikianza alikuwa anasogeza sufuria bila kutazama juu. Sikumbuki akinilalamikia hata siku moja.

Mwezi uliofuata nilirudi dukani nikiwa nimejifunza swali langu kama somo la shule. Mwenye duka aliniona kwa mbali.

"Bwana Bati! Karibu! Moja kama kawaida?"

Mara moja tu, tayari ilikuwa kawaida. Nikaitikia. Na mwezi wa tatu hivyo hivyo, na wa nne. Nilikuwa natoka nyumbani mtu wa baiskeli na narudi mtu wa bati. Yalipofika tisa, mama aliyafunika kwa mkeka chini ya kitanda changu, na kila nilipojigeuza yalilia. Nyumba ilitaka kumi na sita.

Mdogo wangu peke yake ndiye aliyenishuku. "Yaya," aliniambia siku moja, maana kwetu kaka huitwa hivyo, "kila ukileta bati uso wako unakuwa kama wa mutu aliyetoka kunyolewa bila kupenda."

"Nyamaza."

"Aa, kumbe unajua kusema!"

Mwisho wa kiangazi, Mzee wa Kasai alipata karatasi zake za kustaafu. Tulikuwa chini ya behewa, yeye upande huu, mimi upande ule, tunasemezana kati ya magurudumu.

"Mwana, Jumatatu ninapanda hii hii. Ninarudi kwetu."

Nikafunga kifuniko cha kisanduku.

"Kule nyumba yangu ni ya nyasi. Kila mutu atakuja kutazama: huyu amefanya kazi ya reli miaka yote hii, amerudi na nini? Nina kinga, lakini magoti haya yatapanda kinga? Wewe una mabati tisa. Mama yako amelitangazia bara zima. Nipe hayo tisa, chukua kinga."

Niliijua baiskeli yake. Ilikuwa ya kijani, na nyuma ilikuwa na kibebeo kipana cha chuma ambacho fundi wa depo alikichomelea kwa vipande vya behewa. Ingebeba gunia zima. Nilishapiga hesabu hiyo mara nyingi: kwenda Kailo siku za mapumziko, kununua mchele kwa wakulima, kuuuza depo. Mabaki ya mshahara yangezaa mengine, na baada ya mwaka ningeweza kununua mabati yote kumi na sita kwa mara moja. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Ukweli mwingine ni kwamba nilitaka tu kwenda, gurudumu moja mbele na moja nyuma, yote mawili yangu.

"Jumapili asubuhi nitapita," alisema Mzee. "Nimesikia umekubali?"

Hakuweza kukiona kichwa changu kutoka upande wake. Nilitoa mkono chini ya ekseli, naye akaushika.

Siku ile na iliyofuata sikumwambia mama. Nilifungua mdomo mara mbili. Mara ya kwanza aliniuliza kama nataka chumvi.

Jumamosi ilikuwa salongo kama kila Jumamosi. Tulifyeka nyasi kando ya barabara ya bandarini, na kiongozi wa chama wa mtaa wetu, katika abakosti yake ya kijivu, ile suti ya chama isiyo na tai, alipita na filimbi. Kabla ya kuturuhusu alipanda juu ya jiwe.

"Wananchi! Wiki ijayo tunapokea mugeni mukubwa kutoka Kinshasa. Jukwaa litajengwa. Jukwaa halina paa. Kila bati lisilo juu ya nyumba, chama kitaliazima. Litarudishwa!"

"Kama mara ile?" sauti ikatoka nyuma.

Watu wakacheka, kisha wakaacha.

"Nani huyo amesema?"

Watu waliinamia fyekeo zao. Mara ile mabati mengine yalirudi yamekunjwa na kutobolewa kama chujio, na mengine hayakurudi kabisa.

"Bati lililo juu ya nyumba haliguswi," akasema kiongozi. "Yaliyo chini ya vitanda, tunajua yaliko. Kesho jioni vijana watapita na mukokoteni."

Alipofika kwenye neno vitanda alinitazama. Mama alikuwa ametangaza vizuri.

Sikula usiku ule. Nilijiambia kwamba mambo ni rahisi: Mzee anakuja asubuhi, vijana wanakuja jioni, mabati yatakuwa yameshaondoka. Sikujua kwa nini basi mguu ulikuwa unatikisika vile, mpaka mdogo wangu akaushika kwa mikono miwili na kuukalia.

Mzee alifika kabla jua halijawa kali, akiisukuma baiskeli kwa usukani. Ilikuwa imesuguliwa kwa mafuta yetu ya ekseli mpaka inang'aa. Mama, ambaye hakujua lolote, alimpa kiti na kahawa na mikate miwili, akimshukuru kwa kuja kutuaga.

"Ijaribu kwanza," Mzee akaniambia. "Mutu hanunui kitu bila kukikalia."

Nilimwona mama akimtazama Mzee, kisha baiskeli, kisha mimi. Nikapanda nikaondoka, maana kubaki kulikuwa kugumu zaidi.

Nilikuwa nimewahi kujifunza baiskeli ya kukopa, basi niliyumba mpaka kona ya kwanza tu. Baadaye barabara ikawa inakuja yenyewe. Nilipita soko, nikapita misheni, nikafika penye nyumba za mwisho ambapo watu hukausha mihogo barabarani. Upepo uliingia ndani ya shati. Mguu wangu, kwa mara ya kwanza baada ya miezi, ulikuwa na kazi yake. Nilitaka kuendelea. Nadhani ningeendelea.

Ndipo nikasikia filimbi. Kwenye njia ya kushoto vijana wa chama walikuwa wanasukuma mkokoteni, na ndani yake mabati saba au manane tayari, na mwanamke anawafuata akipiga makofi ya huzuni. Kiongozi alikuwa nao. Alikuwa amesema jioni, na ilikuwa bado asubuhi. Wakitoka mtaa ule, watakaofuata ni sisi.

Niligeuza. Sijawahi kukimbiza kitu kama nilivyoikimbiza baiskeli ile.

Uani nilikuta mabati yote tisa yameshatolewa nje, yamelazwa, na mama amesimama kando yake. Mzee alikuwa amemweleza.

"Ningejua," mama alisema polepole, "nisingetangaza kwa watu. Njo hiyo tu. Pesa ni yako. Mimi nimelala chini ya majani tangu kuzaliwa."

"Wanakuja," nikasema.

"Nani?"

"Na mukokoteni."

Mzee akaweka kikombe chini. "Sikiliza, mwana. Nina karatasi ya safari ya reli, yangu na ya mizigo yangu. Wakifika, waambie mabati si yenu tena, umeyauza kwangu. Mimi nitatoa karatasi. Lakini wewe njo mwenye nyumba, wewe njo utasema. Maneno matatu."

Nilijaribu kuyasema kimoyomoyo. Nimeyauza kwa Mzee. Niliyaona yakitoka mbele ya kiongozi, mbele ya vijana niliosoma nao, na majirani wamesimama kwenye ua, wale wale walioitwa siku ya bati la kwanza. Na mama palepale, mikono imejaa unga wa mchele, akisikiliza.

Niliingia ndani. Nyundo ya baba ilikuwa nyuma ya mlango. Misumari ya matabishi ilikuwa kwenye kopo ambalo zamani lilikuwa la pesa. Nilipanda juu ya pipa, kutoka pipa hadi ukutani, nikamnyooshea mkono mdogo wangu.

"Lete."

Alileta la kwanza bila kunitania. Nilililaza juu ya majani, upande wa chumba cha mama, nikautafuta mti wa paa kwa vidole, nikaweka msumari. Nilijua vizuri ninachofanya. Bati zima linauzwa popote kutoka hapa mpaka Kasai. Bati lenye tundu ni la nyumba moja tu. Nikapiga.

Mzee alisimama. Akawa ananitazama kama anayetazama treni iliyomwacha. Kisha akatema mate pembeni.

"Mwana! Unapigilia kwenye bonde! Piga juu ya mgongo wa wimbi, maji yasiingie! Baba yako hakukufundisha kitu?" Akaliokota bati la pili yeye mwenyewe akanipandishia. "Na hili lilalie mwenzake. Wimbi mbili, si moja."

Tulifanya kazi hivyo, yeye akinitukana na kunipandishia mabati aliyokuwa ayapeleke kwao, mama akiokota misumari iliyoanguka, mdogo wangu akitazama barabara. La tisa lilikuwa na msumari mmoja tu mkokoteni ulipofika.

Kiongozi aliingia uani, akatazama chini, akatazama juu.

"Munaezeka Siku ya Mungu?"

"Mvua inakuja, shefu," mama akasema. "Yenyewe haiendi misa."

Kijana mmoja akacheka. Kiongozi hakucheka.

"Nusu nyumba? Nyumba gani hii, upande mumoja tajiri, upande mumoja masikini?"

"Upande mwingine mwezi ujao," mama akajibu.

Alinitazama nikiwa juu nimeshika nyundo. Nilidhani atasema nishushe. Lakini alikuwa amesema mwenyewe, juu ya jiwe, mbele ya mtaa mzima. Akageuka.

"Na hii kinga ya nani?"

Nilikuwa na mdomo, na safari hii maneno yalikuwa mawili tu: ni yangu. Sikuwa na haki nayo tena.

"Yangu," akasema Mzee. "Kesho ninaondoka nayo."

Walipokwenda, Mzee alimaliza kahawa yake iliyopoa. Nilimwambia, "Baba, unisamehe." Aliniambia nisimwite baba mtu niliyemnyima paa. Kisha akacheka kidogo, si sana, akaisukuma baiskeli akaenda.

Jumatatu nilipaka mafuta behewa lake. Nilifungua kila kisanduku mara mbili. Baiskeli niliiona imelazwa kati ya magunia, kibebeo chake kimefungwa kamba. Treni ilipoanza kutembea nilikimbia kando yake nikigusa kwa nyuma ya mkono, ingawa hakuna kinachoweza kupata moto kabla hakijatembea. Mzee alinipungia kofia. Nilikimbia mpaka mwisho wa changarawe.

Mvua ya kwanza ilinyesha wiki ile ile, mchana, tukiwa tunakula. Upande wa mabati haukuingiza hata tone. Lakini ulipiga kelele kiasi kwamba mama alikuwa anatuambia kitu na sisi tunaona midomo tu. Alivumilia, akavumilia, halafu akachukua sahani yake na mkeka, akahamia upande wa majani, katikati ya masufuria.

"Huku njo mutu anasikia watoto wake!" alipiga kelele.

Mdogo wangu alicheka hadi akapaliwa. Mimi nilibaki upande mkavu peke yangu, natazama misumari. Mpaka leo sijui kama niliichagua nyumba ile, au nilikosa tu mdomo wa kusema maneno matatu. Mama hajawahi kuniuliza. Kwa watu anasema mwanangu alikataa kinga kwa ajili yangu, na mimi ninaitikia kwa kichwa.

Siku ya mshahara iliyofuata nilitia sahihi, wakanitania, mama akagawa, akasukuma kilichobaki kwa kidole. Nilikwenda dukani. Baiskeli bado ilikuwa inaning'inia, karatasi imeanza kuchakaa.

"Bwana Bati! Moja kama kawaida?"

Duka lilikuwa na watu watano. Niliwahesabu.

"Ile kinga," nikasema, "bei gani?"

Mwenye duka aliinua macho darini kama mtu aliyesahau kwamba ipo. Akanitajia bei. Ilikuwa miezi mingi, mingi kuliko nilivyofikiri, na mwezi ujao ingekuwa imepanda. Lakini sasa niliijua.

"Asante," nikasema.

Nikabaki nimesimama. Nje mawingu yalikuwa yanajikusanya upande wa mto, na pesa ilikuwa mkononi, imelowa jasho.

"Basi nipe bati," nikamwambia. "Na misumari, uniongeze mmoja."